Mzee Atuti Amekataa Kuhama

Kapsoit,
Kericho.
Jumapili, 9 Juni 2024

Kwako kaka yangu Bogonko,

Pokea salamu zangu, za dada mdogo kwa mtoto wa kwanza wa nyumba yetu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na wifi yangu Valary na watoto wote, na kwamba ngano ya huko Mulot imepata mvua ya kuitosha. Sisi huku tupo. Mvua ya mawe ilipiga chai Jumanne mchana mpaka majani yakalala chini, lakini tayari imeanza kuchipua tena. Habari za baba yetu, Tata, nitakupa taratibu, kwa hivyo tafadhali usiruke mistari ukitafuta jina lake.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati huu ambapo hata nyanya wa miaka tisini wanatumiana picha kwa simu. Ningefanya nini, kaka? Umenifungia simu tangu Februari. Ndiyo maana barua nimempa Obure, jirani yetu anayekuja kununua mbuzi soko la Mulot, na nimemwagiza akukabidhi mkononi, asiiache dukani. Nimemwambia pia asiondoke mpaka akuone umeisoma yote. Unamjua Obure. Atakaa hapo kwako akimaliza chai na mkate, basi kwa faida ya sukari yako, isome leo.

Kwanza niombe msamaha kwa mambo ya kochi. Nilikosea. Ile siku wakwe zako walipokuja kuona nyumbani, nawe ukaazima makochi ya Nyang'au wa nyumba namba tisa, na Nyang'au akaingia amelewa katikati ya maombi kudai kochi lake wakati mjomba wa Valary amelikalia, hiyo ilikuwa aibu yako na ya nyumba yetu. Haikuwa yangu ya kuuza. Lakini niliiandika, nikampa kijana mkubwa wa familia ya kwenye kipindi changu cha televisheni jina la Vinny badala ya Bogonko, nikadhani kubadilisha jina kunatosha. Nilisahau kwamba mjomba wa Valary ana televisheni. Ulipopiga simu usiku ule ukaniambia kwamba mimi si dada yako tena, nilikasirika, nikasema huna ucheshi. Leo sina hasira yoyote. Nina hofu, na ndiyo inayoniandikisha.

Wewe uliona sehemu mbili tu za kile kipindi, kwa hivyo acha nikueleze kilivyokuwa. Seth, mwongozaji kutoka Nairobi, aliona vichekesho vyangu vidogo kwenye simu, akaniuliza kama naweza kuandika familia nzima. Nikamwambia familia ninayo tayari. Tukakiita "Laini ya Saba," jina la laini ile ile ya nyumba za wachumaji tulimozaliwa, na shamba likaturuhusu kutumia nyumba zile zile, kwa sababu tangu mashine za kuchuma chai zije, wachumaji waliondolewa na laini nzima ikabaki tupu ikisubiri kubomolewa. Nyumba tuliyoigizia ni yetu, namba kumi na nne. Waliondoa ukuta wote wa mbele ili kamera zione ndani. Nakuambia, nilipoona mara ya kwanza chumba tulichokuwa tukilala kimeachwa wazi hivyo, mbele yake hakuna kitu ila ukungu na chai, nilitaka kuingia nichukue blanketi nikifunike.

Vyombo vilikuwa vyetu pia. Kiti cha Tata, vitambaa vya marehemu Mama, ile chupa ya chai yenye maua, mpaka koti la Tata la kijivu, vyote vilitoka huku Kapsoit vikaenda kwa gari la Seth. Baba wa kipindi, Mzee Atuti, aliigizwa na Makori, mtu wa kwetu kutoka Keroka, na maneno yake yote yalikuwa ya Tata. Miaka mitatu nilikuwa nayaandika kwenye daftari bila yeye kujua. Lile la mashine unalikumbuka: "Hiyo mashine haina mgongo. Sasa ikizeeka, itaumwa na nini?" Makori akishasema neno kama hilo alikuwa ananyamaza kidogo, anaelekeza uso upande ule usio na ukuta, anangoja. Nafasi hiyo ilikuwa ya kicheko. Watu wa Nairobi walikuwa wanakiongeza baadaye.

Tata alifurahi sana, kaka. Usidhani alidharauliwa. Kila Alhamisi baada ya habari za saa tatu, kwa kuwa kilikuwa kipindi cha watu wazima na wewe unajua Tata hawezi kumaliza habari bila kugusa pombe au mambo ya chumbani, alikuwa anakaa pale hotelini kwa Mama Celine anawaambia watu, "Ngojeni, hapo sasa ndiyo mtacheka." Na walicheka kweli. Mtu aliyebeba kikapu miaka thelathini na moja bila jina lake kutajwa na yeyote ila nyapara, sasa watu wanalipia chai yake. Mambo hayo yalidumu kwa Alhamisi nne.

Sehemu ya sita, ambayo haikuonyeshwa popote, niliipa jina "Mzee Atuti Amekataa Kuhama." Kampuni inamtaka Atuti atoke kwenye nyumba kwa sababu mashine imechukua kazi yake. Yeye anajifanya amekufa, anaagiza azikwe hapo hapo mlangoni, ili wasiweze kumtoa milele. Mchezo wote unatokana na kitu tunachokijua sisi: hakuna Mkisii anayezikwa kwenye shamba la kampuni. Unaweza kuishi laini miaka hamsini, lakini ukifa unarudishwa kwenu. Kwenye karatasi ilichekesha sana. Hata Tata nilipomsomea alipiga goti lake kwa kicheko.

Seth alitaka kaburi la kweli. Akaajiri vijana wawili wakachimba pale Mama alipokuwa anapanda mboga za chinsaga, kando ya mlango wa jikoni, futi sita kamili. Makori alipofika asubuhi akaliona, akasimama mbali. Akasema, "Madam, mimi nimeigiza mlevi, nimeigiza chizi, hata kuchapwa na bibi nimeigiza. Lakini hii shimo siingii." Akanieleza, kana kwamba mimi nimezaliwa Ulaya, kwamba kaburi likichimbwa halilali wazi, na kama hakuna wa kuzikwa basi linapewa mgomba, linafukiwa kabla jua halijatua. Seth akacheka akasema hilo ni shimo tu, mwanga unapotea. Nikakaa katikati yao. Nikamwahidi Makori kwamba tukimaliza nitaweka shina la mgomba mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Bado akakataa, akaenda kukaa kwenye gari. Picha ilipigwa hata hivyo, na namna ilivyopigwa nitakuambia mbele kidogo. Nipe nafasi.

Kesho yake asubuhi simu ikaja kutoka kituo cha televisheni: mdhamini amejitoa, watu wa makanisa wamelalamika, kipindi kimekufa. Waliwasha magari kabla hata ya saa nne. Mvua ikaanza. Nilisimama pale nikitazama mabati yakigongwa, mkononi nina bahasha ya mshahara wa mwisho, na sikukumbuka mgomba. Huo ni uongo. Nilikumbuka. Niliona haya kuanza kutafuta mgomba kwenye shamba la chai mbele ya wale watu, ndipo nikajiambia nitarudi Jumamosi. Sikurudi Jumamosi ile wala iliyofuata.

Sasa nikueleze habari za Tata.

Jambo la kwanza lilikuwa viti. Vyombo vilipoletwa, alivipanga yeye mwenyewe hapa sebuleni, na nilipotoka jikoni nikakuta viti vyote vimekaa upande mmoja, vinatazama ukuta mtupu wa barabarani. Picha ya Mama iliyokuwa kwenye ukuta huo ilikuwa chini. Nikarudisha viti mahali pake. Asubuhi vilikuwa vimehama tena. Nilipomuuliza, akaniambia kwa upole kwamba si vizuri kuwapa watu mgongo. Humu ndani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye.

Halafu kukaja kunyamaza. Anasema neno, labda lile la mashine, kisha anaelekeza uso kwenye huo ukuta na kungoja. Anangoja kwa urefu ule ule, Bogonko. Mimi nilikaa miezi miwili nyuma ya kamera, naijua nafasi ile. Uso wake haubadiliki mpaka iishe, ndipo anaendelea. Kwanza nilidhani ananitania. Siku moja mchana, mvua ikipiga mabati, alisema, akangoja, na nikajikuta nimecheka kwa sauti kubwa bila kutaka, na si kwa sababu ilichekesha. Yeye akatikisa kichwa kidogo, ameridhika, akaendelea na maneno yake. Tangu siku hiyo huwa natoka nje akianza.

La tatu ndilo litakalomuua. Unakumbuka kwenye kipindi vyungu vilikuwa vitupu, na waigizaji walikuwa wanajifanya kula. Tata anakula hivyo. Nampikia obokima, ugali wetu wa wimbi, na chinsaga chungu anavyopenda, mkono unakwenda kwenye sahani, unakwenda mdomoni, taya zinatafuna, anasema asante mama, nimeshiba. Nikiondoa sahani, iko vile nilivyoiweka. Anapata vijiko vichache vya uji nikimshika kidevu. Nimempeleka hospitali Kericho mara mbili. Wamepima damu, wamepiga picha ya kichwa, wamesema kwa umri wake yuko sawa, ni mawazo tu. Suruali yake ya kanisa sasa naifunga kwa kamba.

Mwezi uliopita Makori alinipigia simu kuniuliza kama nina kazi yoyote ya kuandika. Nikamuuliza mbona asifanye vichekesho vya Atuti kwenye harusi na kwenye baa, watu wangemlipa. Akaniambia amejaribu, Keroka na Sotik. Anavaa kofia, anasimama, anafungua mdomo, na Atuti haji. Maneno anayakumbuka yote lakini yanatoka kama mtu anayesoma risiti. Akasema, "Huyo mzee aliniacha siku ile ile, madam. Sijui alienda wapi." Nilimwambia nina chungu jikoni, nikakata simu. Sikuwa na chungu chochote.

Hapo ndipo nilimwita shangazi Nyabate. Alikaa na ndugu yake siku mbili, alimtazama akila, alikaa kwenye viti vile bila kuvigusa. Siku ya tatu akaniita nje tukae kwenye kuni, akaniuliza kama hilo shimo lililala wazi. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nani aliingia. Nikasema hakuna. Akanitazama mpaka nikaangalia pembeni, kisha akasema twende tukalipe mgomba basi, labda bado liko na njaa. Akaleta shina kutoka kwake, amelifunga kwa shuka, amelipakata kwenye gari njia nzima. Ilikuwa Alhamisi iliyopita, saa tano asubuhi.

Kaka, shimo halipo. Nyumba namba kumi na nne imesimama vile vile, wazi upande mmoja, majani yameota sakafuni. Na pale penye chinsaga ya Mama kuna kaburi lililofukiwa vizuri, udongo umepigwa kwa mgongo wa jembe, umeviringwa kama wanavyofanya kwetu. Askari wa shamba akatuambia hakuna mtu wa kampuni aliyelifukia, yeye mwenyewe hupita upande wa juu asipaone. Msalaba tuliotengeneza kwa ajili ya picha umesimama kichwani, na rangi ya jina haijachujuka hata kwa mvua zote hizi. Imeandikwa Atuti. Lakini Atuti yuko hapa Kapsoit, ameketi kwenye kiti cha Tata, anangoja watu wacheke.

Shangazi aliweka mgomba chini polepole. Akasema shimo limeshiba, na haliwezi kushiba hewa. Akaniuliza mara ya pili nani aliingia. Nikamwambia ukweli, na sasa nakuambia wewe.

Ni Tata. Alikuwa amekuja kutazama siku ile, amevaa tai. Makori alipokataa, Seth alihitaji mtu wa kimo kile, mwenye upara ule, apigwe picha kutoka juu akiwa kwenye jeneza ndani ya shimo. Na koti la Atuti si lilikuwa la Tata tangu zamani? Seth hakuthubutu kumwambia. Ni mimi nilimwambia. Tata alilitazama shimo, akanitazama mimi, na ninakuapia alijua vizuri kuliko Makori. Akaniuliza kama hii itanisaidia kazini. Nikasema itanisaidia sana. Akavua viatu akashuka.

Alilala humo karibu nusu saa, kwa sababu ukungu ulishuka ukafunika kila kitu na ikabidi tungoje. Ulipofunguka, picha ikapatikana, nikaenda ukingoni nikamwita, Tata, amka, tumemaliza. Hakujibu. Macho yake yalikuwa wazi. Nikamwita kwa jina lake, Omariba, kama Mama alivyokuwa akimwita. Hakutikisika. Tayari nilikuwa nimeanza kulia. Ndipo Seth akaja nyuma yangu, akapiga makofi, akapaza sauti ya utani, "Mzee Atuti! Amka, wasee wa kampuni wamekuja na mashine!" Na akaamka mara moja. Akakaa, akaelekeza uso juu kwetu, akangoja. Watu wote wakaangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote kwa sababu nilikuwa nimeogopa. Kisha tukamsaidia kupanda, tukamvalisha viatu, nikamrudisha nyumbani, nikadhani nimerudisha baba yetu.

Shangazi anasema kuna njia moja. Kaburi lifunguliwe, liwekwe mgomba badala yake, na aliyemo aitwe kwa jina lake na mtoto wa kwanza, huyu mzee ninayeishi naye hapa nyumbani akiwa amesimama hapo ukingoni. Si mimi. Sauti yangu ilikuwa kwenye kile kicheko. Wewe hukuwepo, Bogonko. Ulikuwa umetukasirikia, na kwa mara ya kwanza namshukuru Mungu kwa hasira yako, kwa kuwa katika nyumba hii ni wewe peke yako hujawahi kumchekea Atuti. Shamba limekubali Jumamosi ijayo mchana, kwa sababu wiki inayofuata wanaleta tingatinga kubomoa laini yote. Baada ya hapo hapatakuwa na mahali pa kuita. Njoo na jembe lako, udongo wa kwanza ni wa mkono wako. Mimi nitusi utakavyo, nitakaa kimya. Ila usiache kuja kwa sababu yangu.

Nisalimie Valary na umwombe mjomba wake msamaha kwa niaba yangu, nitamwandikia mwenyewe. Wabusu watoto. Shangazi Nyabate anakusalimu, yuko hapa anasubiri, mgomba ameuweka kivulini anaunyunyizia maji usinyauke.

Tata naye anakusalimu. Nilipofika hapa nikaacha kalamu, nikaenda nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia namwandikia mwanawe wa kwanza, je, ana neno la kumtumia. Alifurahi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na ilikuwa mikono yake, kaka, yenye yale makovu ya majani. Akasema, "Mwambie Vinny arudi nyumbani." Kisha akageukia ukuta, akangoja.

Ni mimi dada yako,
Kemuma Omariba